Mama Mwenye Nyumba na Watoto wa Metali

Mama mwenye nyumba wangu wa Ndera, pembeni mwa Kigali, alikuwa na tabia ya kuzima redio za watu bila kuomba ruhusa. Anaingia chumbani kwako kukuletea parachichi, anakuta redio inaongea, anaizima, anakaa kwenye ukingo wa kitanda na kusema, "Haya, sasa tuzungumze." Ukimwambia ulikuwa unasikiliza habari, anakujibu kwamba habari zote anazo yeye. Na kusema kweli alikuwa nazo: nani anaumwa, nani amehama, mtoto wa nani amepata kazi uwanja wa ndege, na kwa nini yule fundi wa madirisha hapiti tena njia ya juu.

Nilipanga kwake miaka minne, kwenye vyumba vya uani, nyuma ya nyumba yake ya matofali mekundu. Mtaani walimwita kwa jina lake. Sisi wapangaji tulimwita Mama mbele yake, na akiwa hayupo tulimwita Mama Mwenye Nyumba, kama cheo cha serikali. Hapa nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa amestaafu uuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, hapo hapo Ndera, na mambo mengi aliyafanya bado kama mtu aliye zamu. Alivaa viatu visivyo na sauti. Alibeba funguo kiunoni lakini hazikulia, maana alizifunga pamoja kwa kitambaa. Hakuweza kuona kisu kimelala mezani. Alikiokota na kukifungia kabatini hata kama ulikuwa katikati ya kazi. Mimi nimewahi kumalizia kumenya ndizi kwa kijiko.

Yeye na mimi tulikulia Tanzania, yeye Karagwe, mimi Mwanza, ndiyo maana tuliongea Kiswahili tangu siku ya kwanza. Akikasirika alihamia Kinyarwanda. Hesabu alifanya kwa Kifaransa alichookota wodini kwa manesi waliomtangulia, na hesabu zake zilikuwa nyingi, kwa sababu hakukusalimia kama watu wengine. Ukimpa mkono, anaushika, kisha vidole vyake vinateleza taratibu mpaka kwenye mshipa wa kifundo, na huku anakuuliza habari za nyumbani unamsikia chini chini, *vingt, vingt et un*. Halafu anakuachia. "Hujalala wewe," anasema. Au, "Una hasira na mtu." Madereva wa pikipiki wa pale kituoni walikuwa wanampa mkono wenyewe, wakipanga foleni, naye akawapitia mmoja mmoja akimwambia huyu anywe maji na yule aache kahawa.

Alikuwa na msemo mmoja ambao nadhani ulimfaa kazini miaka yote. Mtu akimfokea, na watu walimfokea mara kwa mara kwa kuwa alijiingiza katika mambo yao, hakurudisha. Alisubiri mpaka amalize, akasema kwa sauti ya chini, "Nimekusikia. Sasa sema." Nimeona wanaume wazima wakikosa la kusema baada ya maneno hayo, wakibaki wanakuna shingo.

Usidhani alikuwa mtu wa utulivu, hata hivyo. Alikataza kupiga miluzi uani, alikataza kubamiza geti, lakini yeye mwenyewe alipompigia simu mwanawe aliye Kanada aliongea kana kwamba anataka asikike Kanada bila simu. Kila Jumapili alikwenda misa ya kwanza, akaimba nusu mstari nyuma ya kwaya, akarudi analalamika kwamba kwaya siku hizi inakimbia. Wagonjwa waliomzidi nguvu mara tatu hawakumtisha, lakini chura mmoja akiingia barazani siku ya mvua alipanda juu ya kiti na kuita majina ya wapangaji wote.

Na ole wako utamke neno "kichaa" mbele yake. Siku moja Patrick, rafiki yangu, alisema kwa utani kwamba sisi tunapiga muziki wa vichaa. Mama akaweka chini kikombe chake. "Kichaa nani? Nitajie jina lake." Patrick akasema hakumaanisha mtu. "Basi kama humaanishi mtu," Mama akasema, "kunywa chai."

Muziki wenyewe ulikuwa metali, ule wa magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayepayuka. Tulikuwa watatu. Patrick aliimba na kupiga gitaa. Alizaliwa Kigali na Kiswahili alikiokota barabarani. Fiston, mtu wa Goma, alipiga ngoma. Mimi nilipiga gitaa la besi, na siku za kazi nilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno kule Remera, nikitabasamu. Bendi yetu iliitwa Kutu. Tulikuwa tumefukuzwa kwenye gereji moja, na kwenye stoo ya mjomba wa Patrick, nilipokumbuka banda la kuku la Mama. Lilikuwa tupu. Kuku wake aliwauza wote asubuhi moja kwa sababu, alisema, walikuwa wanamtazama.

"Bendi ya harusi?" aliniuliza nilipomwomba.

"Hapana, Mama. Muziki wa metali."

"Mtagonga mabati?"

"Ni jina tu, Mama."

Akafikiri kidogo. "Basi msiniharibie ukuta."

Tulibandika trei za mayai kuta zote, tukiamini zinameza sauti. Hazikumeza kitu. Jumamosi ya kwanza, Patrick hajamaliza hata ubeti mmoja, mlango ulifunguliwa kwa kishindo na Mama akaingia na mfuko wake wa bandeji.

"Nani ameumia?"

"Hakuna, mama," Patrick akasema. "Hii iko wimbo."

"Wimbo unasema nini?"

"Unasema juu ya mtu iko na uchungu sana ndani ya roho."

Mama akamshika mkono, akahesabu. Sote tukasubiri. "Mapigo ya kawaida kabisa," akasema, kama anayemshitaki, akatoka na kufunga mlango taratibu.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda hivyo. Halafu nyumba ya pili akazaliwa mtoto, na baba yake, mwalimu mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akaenda kwa mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu. Kigali kelele si jambo la mchezo. Unaweza kupiga ngoma Goma mpaka asubuhi, Fiston alisema, lakini hapa hata jogoo anaangalia saa kwanza. Mkuu wa mudugudu alikuja na adabu zote, akakaa sebuleni kwa Mama, akanywa maziwa yake, akasema yeye hamfukuzi mtu, ila mwenye nyumba ndiye wa kuamua, na angependa jibu lake mapema. Tulisikiliza kutoka uani na mioyo mikononi. Hatukuwa na mahali pengine pa kwenda. Na tamasha letu la kwanza maishani lilikuwa Jumamosi ya wiki ile ile.

Jioni Mama alituita.

"Mama, tunaomba pardon," Fiston alianza, "siye tuko nafanya repetisyo, mazoezi tu, hatukuwa na nia mbaya..."

"Nimekusikia," Mama akasema. "Hilo tamasha lenu liko wapi?"

"Kimironko, Mama," nikasema.

"Mimi nimewasikia kupitia ukuta tu. Mtu hahukumiwi kupitia ukuta. Nitakuja nikae chini, nisikilize. Halafu nitajua nimjibu nini mkuu."

Patrick hakulala siku mbili, na hilo Mama alilijua kila alipomsalimia.

Tamasha lilifanyika mchana kweupe, maana mwenye ukumbi alisema jua likizama hataki kusikia hata mtu akipiga chafya. Ulikuwa ukumbi wa harusi, mitaa michache kutoka sokoni. Kesho yake kulikuwa na harusi kweli, na mapambo yalikuwa yameshawekwa: mapazia meupe na ya waridi yakining'inia kutoka darini, viti vyote vimevishwa nguo na kufungwa fundo mgongoni, na jukwaani kiti kikubwa cha bibi harusi ambacho tulikatazwa kukigusa. Fiston alipanga ngoma zake kando ya kiti hicho kwa heshima, kama bwana harusi anayesubiri. Vijana walikuwa wanaingia na fulana zao nyeusi, minyororo, mabuti ya joto la kuua, wanakaa kwenye vile viti vya mafundo wakiwa wamebana magoti.

Mama alifika kwa pikipiki. Alikuwa amevaa mshanana, ile nguo ya sherehe ya kufunga begani, wa rangi ya machungwa, na mwavuli mkononi. Mlinzi wa mlangoni akamkimbilia.

"Mama, samahani, harusi ni kesho."

"Najua harusi ni kesho," Mama akasema. "Mimi nimekuja kwenye kelele."

Akaenda moja kwa moja mstari wa mbele, katikati, akakaa, akafungua mkoba na kutoa bunda la pamba. Akajikatia vipande viwili, akavisokota na kuziba masikio. Kisha akamgeukia kijana wa kulia kwake, mwenye kipini puani, akamsokotea na yeye. Kijana akapokea. Baada ya hapo pamba ilisafiri mstari mzima.

Bendi ya kwanza iliitwa Makaa, wanafunzi wa chuo, nyuso wamezipaka unga na masizi ili watishe. Nilikuwa nimesimama pembeni ya jukwaa, kwa hiyo niliona kila kitu. Mwimbaji wao alikuja mpaka ukingoni, akainama, akapayuka karibu kabisa na uso wa Mama, akitoa ulimi. Mama alimtazama. Akatoa leso, akamwashiria asogee, na yule kijana, sijui kwa nini, akasogea. Mama akamfuta jicho la kushoto.

"Rangi inakuingia jichoni," akamwambia.

Aliendelea kuimba kuhusu mauti akiwa na jicho moja safi. Ukumbi ulipiga makofi mpaka mapazia yakatikisika.

Wimbo wa tatu ndio uliozua mambo. Vijana walisukuma viti nyuma, wakafungua duara katikati, wakaanza kurukiana kwa mabega, huyu anamgonga yule, yule anaanguka, anainuliwa, anagongwa tena. Ndivyo watu wa metali wanavyocheza. Lakini Mama hakuwa ameambiwa. Alichoona yeye ni vurugu, na vurugu alikuwa amezizima maisha yake yote. Aliinuka. Sikuwahi kumwona akitembea haraka hivyo. Aliingia katikati ya duara na mshanana wake wa machungwa, akainua mkono mmoja, na kwa sauti ambayo sikujua kama anayo akasema, "Mwicare!"

Wakakaa.

Naapa, walikaa wote. Wale wa minyororo, wale wa mabuti, msichana mwenye nywele za kijani, wote sakafuni, miguu wameikunja kama watoto wa shule ya awali. Mlinzi wa mlangoni naye akakaa. Makaa wakaacha kupiga. Ukumbi ukawa kimya kabisa, na katika kimya hicho tulisikia muuza karanga huko nje akiita wateja.

Mama akawatazama. "Nimewasikia," akasema. "Sasa semeni. Mnagombania nini?"

Mwisho yule mwimbaji mwenye jicho moja safi akasema kwenye maikrofoni, kwa unyenyekevu, "Mama, hatugombani. Tunacheza."

"Mnacheza?"

"Ego, Mama."

"Hivyo ndivyo mnavyocheza?"

"Ego, Mama."

Akafikiri. Ukumbi mzima ulimsubiri afikiri. "Basi chezeni. Lakini wenye miwani walete miwani."

Wakaleta. Wakaleta na simu, na hereni, na minyororo iliyokuwa inakwaruza wenzao. Mama akarudi kitini akiwa na mapaja yamejaa miwani ya watu, duara likafunguka upya, na likawa kali mara mbili ya kwanza, kwa sababu sasa kila mtu alijua kuna mtu anamwangalia. Mmoja akianguka alinyoosha mwavuli, na walio karibu wakamwinua. Nilicheka mpaka nikalazimika kushika spika.

Halafu ikawa zamu yetu.

Siwezi kusema tulipiga vizuri. Naweza kusema sijawahi kuwa na furaha kama ile. Wimbo wa kwanza Patrick alisahau maneno na akarudia mstari mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho, kila mara kwa uchungu zaidi. Wimbo wa pili niliinua gitaa juu, kama nilivyojizoeza mbele ya kioo, na shingo ya gitaa ikanasa kwenye pazia la waridi. Nikavuta. Pazia likaachia kutoka darini, likanishukia kichwani na mabegani, likaburuzika nyuma yangu. "Bibi harusi!" watu wakapiga kelele. "Bibi harusi!" Sikuweza kulitoa bila kuacha kupiga, kwa hiyo nilipiga nikiwa nalo. Fiston alikuwa anatwanga ngoma huku machozi ya kicheko yakimtiririka. Wasichana wawili walipanda jukwaani wakanishikia pazia kwa nyuma, kama wasimamizi wa harusi, wakitikisa vichwa. Kwa dakika kadhaa nilisahau kabisa kwamba tunapimwa.

Kisha nikamtazama Mama. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya rundo la miwani, na uso wake haukuwa na kitu. Hakutabasamu, hakukunja uso. Alikaa hivyo nyimbo zetu zote nne. Tuliposhuka, Patrick alikuwa amekufa moyo.

"Imeisha," aliniambia. "Umeona ile sura? Banda imeenda."

Bendi ya mwisho ilitoka Nairobi, ikiitwa Msumeno. Mwimbaji wao alikuwa pande la mtu, mwenye ndevu, fulana imembana tumboni, na alipofungua kinywa nilihisi sakafu ikisogea. Sauti yake ilianza chini kama lori linalopanda mlima wa Kanombe usiku, ikapanda mpaka ikawa kilio chembamba ambacho kilinifanya nikumbuke watu ambao sijawafikiria miaka mingi. Mama alisimama. Miwani ikaanguka yote. Alitoa pamba masikioni, moja, kisha ya pili, akaweka kiganja kifuani na kufumba macho. Alisimama hivyo tangu mwanzo hadi mwisho, na vijana wakatengeneza ukuta wa migongo kumzunguka ili asigongwe.

"Huyu," aliniambia magitaa yalipozima. Macho yake yalikuwa na unyevu. "Wale wengine wanapiga kelele. Huyu hadanganyi. Miaka yote nimekaa na watu wanaolia, mimi najua. Nipeleke kwake."

Tulimkuta nyuma ya jukwaa anakunja nyaya. Mama akamshika mkono. Vidole vikateleza.

"Pole sana, mwanangu," akamwambia. "Ulimpoteza nani?"

Yule mtu akanitazama mimi, akamtazama Mama. "Sijapoteza mtu, mama. Watu wangu wote wako salama."

"Usiogope. Sema tu."

"Kweli, mama. Mimi huuza bima."

"Bima?"

"Bima ya magari. Huu muziki ni wa kujiburudisha tu wikendi."

Mama hakumwachia mkono. "Na ile sauti? Umeitoa wapi?"

"Tumboni, mama. Ni mazoezi tu." Akajipapasa tumbo. "Kuna mwalimu hutufundisha, Jumanne na Alhamisi."

Mama akamwachia mkono polepole, kama mtu aliyegundua ameshika mkono wa mtu asiye wake. Akamshukuru. Akarudi ukumbini, akaokota miwani ya watu moja moja na kuwarudishia, kila mmoja ya kwake, bila kukosea, isipokuwa kijana mmoja aliyeondoka na miwani ya mwenzake na kugonga mlango. Tulitembea naye mpaka kituo cha pikipiki. Dereva alipompa kofia ngumu aliishika mkononi, akatazama mbele.

"Bima," akasema. "Bima ya magari!"

Akavaa kofia akaondoka.

Kesho yake baada ya misa alitukalisha sebuleni, sote watatu kwenye kochi moja, akatupa Fanta. Kwanza akawahukumu wengine. Wale wa Makaa ni watoto wazuri, ila wanawe uso. Yule wa Nairobi hataki kumsikia tena, mtu wa kuchezea roho za watu. Halafu akamgeukia Fiston. "Wewe unapiga kama mtu anayeua nyoka. Nyoka ameshakufa, bado unapiga." Akanigeukia mimi. "Wewe na lile pazia mlipendeza." Akafika kwa Patrick.

"Wewe unakohoa," akasema. "Ungekuja kwangu kazini ningekupa dawa ya kifua."

Patrick alitazama Fanta yake. "Sasa tutoe vitu vyetu lini, mama?"

"Nani amesema mtoe vitu?"

Tukatazamana.

"Jumamosi tu," Mama akasema, "baada ya chakula cha mchana mpaka saa kumi. Na wewe unywe maji ya moto yenye tangawizi. Mwalimu niachieni mimi."

Hatukumuuliza kwa nini. Tuliogopa akifikiri mara ya pili atabadilisha. Jumamosi iliyofuata alikwenda kwa mwalimu, akarudi na kile kichanga mgongoni, amekifunga kwa kitenge, akasimama nacho nje ya banda tukiwa tunapiga. Mtoto alilala. Patrick alipopumzika mtoto akaamka analia. Alipoanza tena, akalala. Mama akamrudishia mwalimu mtoto wake, akiwa amelala fofofo, na kuanzia hapo mwalimu akawa yeye ndiye anayetuuliza, tukichelewa, kama leo hatupigi. Mkuu wa mudugudu alipata jibu lake.

Umaarufu wa Mama ulidumu kuliko wetu. Hata mwaka mmoja baadaye, nikitembea naye sokoni Kimironko kuchagua vitambaa, kijana mwenye fulana nyeusi alikuwa akitoka katikati ya mafundi cherehani, akamkumbatia na kumwita Mama wa Miwani. Mama alikuwa anajifanya hamjui, akimsalimia kwa ukali, huku ameshamshika mshipa. Ya muuza bima hakuyasahau. Nadhani ndilo jambo pekee nililowahi kumwona amekosea na akakubali kwamba amekosea, ingawa alikubali kwa namna yake: alihamishia kosa lote Nairobi.

Kisha mambo yakatawanyika, kama yanavyotawanyika. Fiston alipata kazi Kampala. Patrick alioa, akapata mapacha, na akiimba sasa anaimba vya kubembeleza. Mimi nilihama Ndera. Kutu haikuwahi kuvunjwa rasmi. Ilifika Jumamosi moja tukawa wawili, na nyingine nikawa mimi peke yangu, nikabeba gitaa langu nikarudi chumbani. Mama naye magoti yalimchosha, binti yake akamhamishia kwake Kanombe.

Nilikwenda kumwona mwaka huu, Jumapili moja mchana. Nilimkuta barazani, amekaa kwenye kiti chenye mito mingi ambayo hakuipenda. Alikuwa amepungua. Alikula machungwa niliyomletea, mawili mfululizo, akaniuliza habari za kila mtu. Nikamweleza. Nikamwambia sipigi tena gitaa, kazi zimekuwa nyingi.

"Sikutegemea mfike popote," akasema bila uchungu wowote.

Nilicheka, lakini kidogo iliniuma. "Mama, basi kwa nini ulituacha tukae? Siku ile Patrick alikuwa na hakika unatufukuza. Ulikaa na ile sura."

"Sura gani?"

Nikamwonyesha: mgongo wima, uso hauna kitu.

Mama alinitazama, na kitu kikaanza kutikisika kwenye kona ya mdomo wake.

"Nilikuwa najizuia," akasema.

"Unajizuia nini?"

"Kucheka, mwanangu." Na hapo akakohoa, akaweka ganda la chungwa chini. "Mlikuwa wabaya. Mungu wangu, mlikuwa wabaya! Kila Jumamosi nilikuwa najifungia chumbani, naweka mto mdomoni, nacheka mpaka nalowa machozi. Nilikuwa naogopa mtanisikia."

"Hata siku ya mkuu wa mudugudu?"

"Siku hiyo nilikuwa naogopa kuliko nyinyi. Nikiwafukuza, ningebaki na nini?" Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Kazini kule, mtu akipiga kelele huwezi kumcheka. Hata ikiwa inachekesha, na mara nyingine inachekesha, Mungu anisamehe, unakaza uso. Unakaza leo, unakaza kesho. Nikastaafu na uso umekaza vile vile. Watoto wangu wakinipigia simu wananiambia vichekesho, nasema ndiyo, ndiyo. Halafu yule mtoto, Patrick, akaja akaanza kukohoa kwenye banda langu la kuku."

Nilitaka kuitetea Kutu hata kidogo, kwa heshima ya wenzangu.

"Hakuna hata wimbo mmoja uliokuwa mzuri?"

Alifikiri kwa haki kabisa, kichwa amekiinamisha, kama mtu anayepekua rafu ndefu.

"Hata mmoja," akasema.

Hapo akashindwa kujizuia, nami nikashindwa. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, kisha sauti ikatoka, nyembamba na ya juu, sauti ya msichana, ambayo miaka yote minne sikuwa nimeisikia. Mto mmoja ukaanguka, kisha wa pili. Nilimshika asiteleze kitini na mimi mwenyewe nilikuwa nimepiga magoti sakafuni. Binti yake akatoka jikoni mbio, mikono ina povu la sabuni, akatutazama huyu na huyu.

"Kuna nini? Nani analia?"

Mama akaninyooshea kidole ili amweleze, akafungua kinywa, hakikutoka kitu, akafunika uso kwa kitenge na kuanza upya.